Bili ya maji Kigoma: kwa nini diwani wako hawezi kuishusha, na nani anaweza

Bei ya maji ikiguswa kidogo tu, au mabomba yakikauka siku mbili tatu kule Gungu au Buzebazeba, watu wanamrukia diwani. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa utakuta mtu kaweka picha ya bili yake alafu kaandika "mheshimiwa tulikupa kura, mbona kimya", na mheshimiwa naye badala ya kusema ukweli kwamba hiyo bei haiko mezani kwake anajibu "nalifanyia kazi", basi mjadala unafia hapo mpaka bili za mwezi ujao zitoke. Ikifika kampeni ndo kabisa, mgombea udiwani anasimama anaahidi kushusha bili, watu wanapiga makofi, wakati kisheria hana hata pa kuanzia.

Sasa tuliweke sawa hili jambo taratibu, maana kuna ofisi kama nne zinahusika na kila moja ina kazi yake, na wengi wetu tumezichanganya zote tukaziita "serikali".

Manispaa ya Kigoma/Ujiji ni halmashauri. Ina kata 19, kila kata ina diwani wake, madiwani wanakaa baraza, baraza lina meya, na shughuli za kila siku anaziendesha mkurugenzi wa manispaa. Hawa ndo wenye masoko, machinjio, taka, vibali vya ujenzi na mambo ya aina hiyo.

KUWASA, yaani Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Kigoma, ni kitu kingine kabisa. Ni chombo cha umma chenye mkurugenzi mtendaji wake, akaunti zake, wafanyakazi wake na bodi yake ya wakurugenzi, na mkubwa wake ni Wizara ya Maji. Bili unayolipa inaingia kwenye akaunti za serikali za mamlaka ya maji, haiingii mfuko wa Manispaa, kwahiyo ile hoja ya "hela zetu za maji madiwani wanajilipia posho" haina mguu wa kusimamia. Posho zao wanazipata kwingine, hiyo ni vita nyingine.

EWURA ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Wengi wanaijua kwa bei za mafuta zile zinazotangazwa kila mwezi, lakini maji ya bomba ya mijini nayo yapo mikononi mwake, na yenyewe ndo inasema uniti moja iuzwe shilingi ngapi.

Alafu ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo ofisi zake ziko hapahapa Kigoma. Hii inasimamia maji yakiwa bado ni ya asili, yaani ziwani, mtoni na chini ya ardhi. Anayetaka kuyachota kwa kiasi kikubwa anaomba kibali kwao na analipa ada, hata mamlaka ya maji yenyewe. Na hata wewe ukitaka kuchimba kisima kirefu uani kwako, kibali unakiombea kwao.

Na uniti, ili tusipotezane mbele: uniti moja ya maji ni meta moja ya ujazo, sawa na lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20.

Kwa nini watu wanaamini maji ni ya Manispaa? Hawajaota. Miaka ya nyuma maji mjini yalikuwa kazi ya idara ya serikali chini ya mhandisi wa maji wa mkoa, watu walilipa kidogo au hawakulipa kabisa, na ni sera ya maji ya mwaka 1991 ndo iliyokuja na habari ya mwananchi kuchangia gharama. Mamlaka za maji za mijini zikaanza kusimama zenyewe mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwenye wilaya ndo kulichelewa zaidi, wahandisi wa maji walibaki kuwa watumishi wa halmashauri mpaka Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019 ilipounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuwahamishia huko. Kwahiyo mzee wa miaka sitini anayesema "idara ya maji ya halmashauri" anasema kitu alichokiona kwa macho yake, ila kimeshaondoka.

Fikiria nauli ya daladala ya kutoka Mwanga kwenda Ujiji. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Konda anaikusanya, mwenye gari anaipokea, na diwani wa kata gari linakopita anaweza kulalamika kwamba gari bovu, kituo kichafu, dereva anakatisha ruti, na akasikilizwa, lakini hawezi kusimama kwenye baraza akatangaza kuanzia kesho nauli ni pungufu. Hata baraza zima likipiga kura kwa kauli moja, nauli haisogei. Kwenye maji ni hivohivo, weka EWURA mahali pa LATRA.

Na hapa Kigoma tuna ushahidi wetu wenyewe. Kati ya 2015 na 2020 Manispaa hii iliongozwa na ACT-Wazalendo, chama kikiwa na madiwani wengi na meya wake. Mabadiliko makubwa tu ya kisiasa kwa mji kama huu. Lakini nani alipanga bei ya maji miaka hiyo? Njia ileile, EWURA ileile, bodi ya mamlaka inayoteuliwa na upande wa Wizara. Chama kinachoshika Manispaa kibadilike mara tano, mlango wa bei unabaki palepale.

Sasa swali ambalo kila mtu wa mwisho wa reli analo moyoni hata kama hasemi: ziwa si hilo hapo? Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, kina kinapita meta 1,400, maji matamu ya kunywa, halafu mtu anayeishi anakoliona kabisa akiwa amekaa barazani kwake anaambiwa alipie maji. Inauma, naelewa.

Ila unacholipia zaidi si maji ya ziwa yenyewe, ni kubebewa. Unachemsha wali kwa maji yaliyobebwa. Ziwa liko chini, mji umepanda milima, na uniti moja ya maji uzito wake ni tani moja kamili. Kuipandisha hiyo tani meta 100 tu kwenda juu inataka umeme usiopungua robo ya uniti ya umeme, na hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi ambapo pampu haipotezi chochote. Pampu ya ukweli inakula karibu mara mbili yake. Zidisha kwa maelfu ya uniti kila siku ya Mungu. Na Kigoma kwa miaka mingi haikuwa kwenye gridi ya taifa, tulikuwa tunaishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, umeme ukikatika pampu inalala, matenki ya mlimani yanaisha, na wanaokosa wa kwanza ni wa juu. Ndo maana jirani yako wa bondeni anaweza kuwa na maji wakati kwako bomba linapiga mluzi, na hakuna aliyekufungia kwa chuki.

Baada ya umeme kuna dawa ya kutibu maji, mishahara, magari, vipuri, na kuna ile ada ya Bonde niliyoitaja. Vitu vikubwa kama chanzo kipya cha Amani Beach vilijengwa kwa msaada wa nje, Ujerumani kupitia benki yake ya maendeleo KfW pamoja na Umoja wa Ulaya, na hapa watu wanakosea sana, wanasema "mradi wamejenga wazungu bure sasa bili ya nini". Mfadhili anajenga, halipi luku ya pampu kila mwezi. Mradi mkubwa unakuja na pampu kubwa, na pampu kubwa inakula.

Halafu kuna gharama moja ambayo hawaisemi kwa sauti: maji yanayopotea njiani. Bomba limepasuka chini ya barabara, mtu kajiunganishia usiku, mita imezeeka haisomi vizuri, maji yametibiwa na kupandishwa mlimani kwa umeme wa kulipia alafu hakuna aliyeyalipia. Kiwango ambacho EWURA inakiona kinavumilika ni asilimia 20. Kwa wastani wa mamlaka nchini huo upotevu umekuwa ukipita asilimia 30, na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinalirudia hili karibu kila mwaka. Hapa mimi ndo naona mjadala wetu ungekaa. Ukiwa na hasira na bili, usiulize tu "kwa nini bei kubwa", uliza "mnapoteza asilimia ngapi", maana kila uniti inayovuja barabarani gharama yake inagawanywa kwa sisi tunaolipa.

Bei yenyewe inapatikanaje? Mamlaka haiwezi kuamka asubuhi ikapandisha. Inaandaa mpango wake wa biashara, unaonyesha itatumia nini na itakusanya nini kwa miaka kadhaa, kawaida mitatu. Bodi inaupitisha, maombi yanaenda EWURA. EWURA inayachambua na kabla ya kuamua inatangaza na kuitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni, hapohapo kwenye mji husika. Mkutano huo ni wa wazi. Mamlaka inasimama inajieleza kwa nini inataka bei hii, wananchi wanauliza, na kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, lile linaloitwa EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wako mtumiaji na kupinga kwa hoja. Baada ya hapo EWURA inaamua, inaweza kukubali, kukata au kukataa, na bei mpya inatoka kama agizo linalochapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Bei ambayo haikupita huko haina uhalali wa kukaa kwenye bili yako.

Agizo hilo halina bei moja. Majumbani wana bei yao, taasisi kama shule na hospitali yao, biashara yao, viwanda yao, na vioski au magati yao. Kwahiyo ukilinganisha bili yako na ya mama mwenye hoteli pale Mwanga unalinganisha vitu viwili. Na yule anayenunua ndoo kwa ndoo ndo anaumia kuliko wote, tena hakuna anayemsemea. Chukua namba za mfano tu: kama uniti nyumbani ni shilingi 1,500, ndoo ya lita 20 inatoka shilingi 30. Mwenye mkokoteni akikuuzia dumu 300, umelipa 15,000 kwa uniti, mara kumi. Sasa mtu anayeishi kwa madumu akisikia kelele za "bei ya bomba ishuke" haimsaidii kitu, yeye anataka bomba lifike kwake. Kushusha bei kwa waliounganishwa kunaweza kuchelewesha kuwafikia ambao hawajaunganishwa, na sijawahi kumsikia mwanasiasa akilisema hili jukwaani.

Turudi kwa madiwani. Hawana bei, je wana nini?

Wana mdomo, na si kitu kidogo. Baraza linakaa kila robo mwaka, mikutano yake ni ya wazi unaweza kwenda kukaa ukasikiliza, na taasisi kama mamlaka ya maji, TARURA ya barabara na TANESCO ya umeme huwa zinaitwa kutoa taarifa. Hapo diwani anaweza kuuliza ratiba ya mgao, upotevu wa maji, maombi mapya ya kuunganishiwa yanakaa muda gani, bomba la kata yake litafika lini, na majibu yanaandikwa kwenye muhtasari. Jambo likikwama linaweza kupanda mpaka Kamati ya Ushauri ya Mkoa ambako mkuu wa mkoa anakaa na wakuu wa taasisi zote. Kwenye bodi ya mamlaka nako sheria imeweka nafasi kwa makundi tofauti wakiwemo watumiaji wa maji na upande wa serikali za mitaa, yaani kuna mtu kule ndani anatakiwa awe sauti yenu. Muulize diwani wako huyo mtu ni nani. Akibabaika umeshajua tatizo liko wapi.

Manispaa pia ina sheria ndogo na ina ardhi. Tenki linataka kiwanja, bomba linataka njia, na mtu aliyejenga juu ya bomba kuu alipewa kibali na nani? Sehemu ya matatizo ya maji ya miji yetu ni ya mipango miji, mtaa umeshajaa nyumba ndo bomba linatafuta pa kupita.

Hesabu za mamlaka nazo haziendi kwa madiwani. CAG anakagua, taarifa inaenda Bungeni, na kwa mashirika ya umma namna hii kamati inayohusika ni PAC, wakati LAAC inashughulika na hesabu za halmashauri. Kwahiyo mtu wa kumkaba kuhusu fedha za mamlaka ya maji ni mbunge kuliko diwani, na yeye ndo anaweza kumsimamisha Waziri wa Maji bungeni akajibu.

Ukiangalia mpangilio wote huu utaona kasoro yake, na mimi siifichi: uliyempigia kura hana bei, na wenye bei hujawapigia kura. Walioupanga walikuwa na sababu, maana bei ikiachiwa wanasiasa wa mji kila kampeni itashuka mpaka pampu zisimame, tulishaona huduma za bure zilivyoishia. Sawa. Lakini imebaki pengo, mtu wa Kitongoni akiumizwa hana pa kumuwajibisha mtu moja kwa moja, anabaki na tundu moja tu lenye nguvu kisheria ambalo ni ule mkutano wa taftishi, na watu wengi hawajui hata kama huwa unafanyika, wanakuja kushtuka bei mpya ikiwa tayari kwenye simu.

Kuhusu mita sasa, maana hapa ndo stori nyingi. "Mita inasoma upepo." Kuna ukweli ndani yake. Maji yakikatika bomba linajaa hewa, yakirudi hewa inasukumwa kwanza na mita za kawaida zinaweza kuzunguka kidogo. Ila bili iliyotoka elfu 15 ikawa elfu 90 usiisingizie hewa. Funga koki zote ndani, choo kisijaze, alafu nenda kaiangalie mita. Ikiendelea kuzunguka una mvujo baada ya mita, na huo ni wa kwako, utaulipia. Ikisimama, chukua bili uangalie usomaji uliopita na wa sasa, kisha linganisha na namba iliyo kwenye mita. Kama bili inasema 412 na mita inasoma 371 basi hapo ulikadiriwa au mtu kakosea, hiyo ndo tunaita kubambikiwa, na una haki ya kurekebishiwa. Piga picha mita yako kila mwisho wa mwezi, simu unayo.

Kwenye bili unaweza pia kuona kipengele cha EWURA cha asilimia 1. Hiyo ni tozo ya udhibiti. VAT haimo, maji ya bomba yamesamehewa, ya chupa ndo yanatozwa.

Walio nje ya mji wasijichanganye na haya yote. Vijijini kuna RUWASA, na chini yake vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, vile ambavyo wengi bado wanaviita kamati ya maji. Kule bei inajadiliwa kijijini kwenye mkutano na RUWASA inasimamia, kwahiyo mwanakijiji wa Uvinza au Buhigwe kwa kweli ana sauti ya karibu zaidi juu ya bei kuliko mtu wa mjini mwenye bomba ndani. Ajabu, lakini ndo ilivyo.

Ukiwa na malalamiko mjini, anza kwa mamlaka yenyewe, kwa maandishi, na uombe namba ya lalamiko. Kuongea dirishani na kuondoka hakuhesabiki, wiki ijayo hakuna anayekukumbuka. Wasipokujibu au usiporidhika peleka EWURA, na kama hujui kuandika barua ya namna hiyo EWURA CCC wanasaidia bila malipo. Uamuzi wa EWURA nao usipokuridhisha unakatiwa rufaa Baraza la Ushindani, ingawa kwa bili ya nyumba moja sidhani kama kuna atakayefika huko.

Na tangazo la taftishi likitoka, kwa kawaida kwenye magazeti na redio, usiende kulia shida tu. Maneno ya "maisha magumu" yanasikilizwa kwa heshima alafu yanaachwa palepale ukumbini, maana anayeamua anapima hesabu. Nenda na bili zako za miezi sita, nenda na picha za siku ambazo hamkuwa na maji, omba nakala ya maombi ya mamlaka usome wanasema upotevu ni asilimia ngapi na wameahidi kuushusha mpaka ngapi, kisha uliza kwenye kipaza sauti: ile ahadi ya mara iliyopita mlifikia wapi? Na diwani wako mwambie aje, akae na nyie, aulize na yeye.